Usiku wa Saa Tisa Mchana

Nilikwenda kununua milango, sikwenda kukumbuka kitu. Jumba la zamani la sinema pale Shinyanga mjini lilikuwa linabomolewa, na mtu mwenye biashara kama yangu, ya kununua mbao na mabati yaliyokwisha kutumika na kuwauzia wachimbaji wa dhahabu wa Bulyanhulu, hasikii neno "kubomoa" akabaki amekaa. Milango ilikuwa ya mninga, mizito, ya pande mbili. Msimamizi alitaja bei, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Tulikuwa tunakwenda vizuri. Kisha kijana wake akapitisha msumeno kwenye fremu ili aing'oe ukutani, na vumbi la ule ubao likanipanda puani: mbegu za pamba, za miaka mingi, zenye mafuta yaliyochacha kidogo. Nikanyamaza. Katika kazi yangu, ukinyamaza katikati ya bei mwenzako anajua amekupata. Nililipa zaidi ya nilivyokusudia, na bado inaniuma.

Nyinyi wa rika langu mliokulia pale mnajua kwa nini sinema yetu ilinuka pamba. Kabla haijawa sinema ilikuwa ghala la mbegu. Mhindi mwenye mali aliona mbegu hazilipi kama zamani, akazitoa, akapaka ukuta mmoja chokaa, akatundika kitambaa cheupe, akatangaza sinema. Panya hawakutangaziwa, kwa hiyo waliendelea kukaa. Mbele kulikuwa na mabenchi yetu sisi, nyuma viti vya Wahindi, na juu kabisa kijisanduku cha mbao walimokaa Wazungu wachache. Mabenchi yetu yalikuwa karibu mno na kitambaa. Ukitaka kuona kichwa cha mtu, ilibidi usahau miguu yake.

Picha za watu wakubwa zilionyeshwa jioni. Picha za kuchorwa, zile ambazo wanyama huvaa nguo na kusema, zilionyeshwa Jumamosi saa tisa mchana, kwa ajili ya watoto na wazazi wao. Hapo kwenye "na wazazi wao" ndipo taabu yangu ilipoanzia. Mtoto hakuingia bila mtu mzima wa kwao. Mlangoni alisimama Mzee Mhina, Mzigua kutoka huko Handeni, mrefu, mwenye koti la kaki lililopungua vifungo, na sheria hiyo aliishika kana kwamba ndiye aliyeitunga. Nilikwisha kujaribu kuingia nyuma ya mama wa Kihindi mwenye watoto wengi. Mzee Mhina alinitoa kwenye msururu kwa kunishika sikio, taratibu, kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele.

Msimu ule wa kuuza pamba likabandikwa bango jipya. Mama sungura aliyevaa aproni, na watoto wake wanne. Niliwahesabu mara mbili kwa sababu mbandikaji alimkunja mmoja kwenye kona ya ukuta, nami sikutaka kudanganywa. Nyuma yao kulikuwa na mto uliofurika, na ng'ambo ya mto mnyama mwekundu mwenye mkia mnene, ambaye leo najua ni mbweha. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuingia kuona picha ile. Ilikuwa ikae kwetu Jumamosi mbili, kisha makopo yenye utepe wake yapande garimoshi la Jumatatu kwenda Mwanza.

Baba alikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu ule tulimwona akiwa amelala tu, nyuzi nyeupe zimemkaa kwenye nyusi. Mama alikuwa mjamzito, miguu imemvimba, anakaanga maandazi ameketi kwenye kigoda, amenyoosha mguu mmoja. Aliyebaki alikuwa Bibi, mama yake Mama, aliyekuja juu ya lori la pamba kutoka Nyahanga, upande wa Kahama, ili awepo binti yake atakapojifungua. Bibi alivaa kaniki, alivuta ugoro, na katika mapatano hakuwa na huruma. Nafikiri kazi hii niliirithi kwake, ila yeye hakuwahi kulipa zaidi ya alivyokusudia.

"Bibi, twende sinema."

"Sinema nimeiona."

"Wapi?"

"Ililetwa Nyahanga na gari la serikali. Mtu alichimba choo. Alipomaliza kuchimba, tukaenda kulala."

"Hii ni nyingine. Ina picha nzuri."

"Choo chake kilikuwa kizuri pia."

Tulipatana kwamba nitabambua karanga zake zote, kikapu kizima, na yeye atanipeleka Jumamosi. Nilibambua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Siku ilipofika nilimshika mkono, Mzee Mhina akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akasogea kando, tukaingia.

Taa zikazimwa. Muziki ukaanza, na pale kitambaani pakatokea nyumba ndogo kando ya mto. Mama sungura akatoka na beseni la nguo. Akawaita wanawe, wakaja mbio, wakaanza kuzungumza. Kizungu chao sikukijua hata kidogo, lakini mtoto anayeambiwa asisogelee maji humhitaji mkalimani? Mvua ikanyesha. Mto ukajaa. Maji yakamchota mama sungura akiwa ndani ya lile beseni lake, anazunguka, ananyoosha mikono, na wale wanne wakabaki ukingoni wakipiga kelele. Hapo nikasikia vidole vya Bibi kwenye kiwiko changu.

"Ng'wanone, mwanangu. Hao sungura wanasema?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi hii ni hadithi."

"Ni picha."

"Sungura akisema ni hadithi. Saa ngapi sasa huko nje?"

Nilijua tunakoelekea. Kwao Bibi hadithi ni mali ya usiku. Mchana ni wa jembe na ng'ombe. Hata sisi watoto tulijua kwamba hadithi haianzi mpaka vyombo vya chakula cha jioni viwe vimeoshwa. Kitu ambacho sikukijua ni adhabu yake, na Bibi alinieleza pale pale gizani, kwa sauti ambayo hata kijisanduku cha Wazungu kiliisikia.

"Anayesikiliza hadithi jua likiwa juu, mama yake hupotea! Na mama yako alivyo sasa! Simama."

Nilitazama kitambaani. Mama alikuwa amepotea kweli. Alikuwa kijidoa cheupe mbali mtoni. Nikavutwa nje kwenye jua, karanga za kikapu kizima zimekwenda bure, nikimsikia yule sungura mdogo kabisa bado analia ndani.

Mtu mwingine angeacha. Mimi niliona nimebakiwa na Jumamosi moja. Siku zilizofuata nilimfuata Bibi kila alipokwenda, kinuni, jikoni, hata alipokuwa anasaga ugoro wake, ambapo haruhusiwi mtu kumsemesha.

"Bibi, mle ndani kuna giza."

"Hata ndani ya kihenge cha mtama kuna giza, ukifunika. Ni usiku?"

"Basi usiku unaujuaje?"

"Kuku wanalala."

Alisema hivyo bila kufikiri, mkono bado uko kwenye mchi. Nami nikajua kwamba nimepata mlango. Sikuukimbilia. Nilisubiri atwange kidogo.

"Kuku akilala mle sinema, Bibi?"

Mchi ukasimama. "Alale mwenyewe? Bila kushikwa kichwa?"

"Mwenyewe."

Bibi akauegemea mchi. Nadhani, ingawa hakukubali maisha yake yote, kwamba hata yeye alitaka kujua yule mama kwenye beseni ameishia wapi. "Kuku akilala mwenyewe," akasema, "huo ni usiku. Hakuna atakayebisha."

Kuku alimchagua yeye. Alimchagua yule tembe mwekundu, mbishi kuliko wote, ambaye jioni hukaa uani akidonoa mchanga mpaka wenzake wote wamekwisha kupanda. Nililalamika. Bibi akaniuliza kama nimewahi kusikia mshtakiwa anachagua shahidi.

Jumamosi ya pili tulifika mlangoni Bibi akiwa amemfunika kuku ndani ya kaniki. Inabidi niseme kwamba Wasukuma na Wazigua ni watani, tangu siku za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani. Mtani humtukana mtani na hakuna anayekasirika. Hata kwenye msiba hutaniana.

"Mwadila, mtani," Bibi akasema.

"Mwadila," akajibu Mzee Mhina, ambaye salamu ya Kisukuma aliijua vizuri. Akamtazama. "Umenenepa, mtani. Juma lililopita hilo tumbo halikuwepo."

"Nimekula Mzigua."

Tumbo likasema kokoo.

"Huyo Mzigua bado mzima," akasema Mzee Mhina. "Hebu mtoe nimwone ndugu yangu."

"Haiwezekani. Ni shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Wa usiku."

Mzee Mhina alilitazama jua, akamtazama Bibi, kisha akanitazama mimi, akitafuta mtu mwenye akili katika familia yetu. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana. Nikamweleza haraka haraka jambo lenyewe, na kadiri nilivyoeleza ndivyo masharubu yake yalivyozidi kucheza.

"Wasukuma bwana," akasema mwishowe. "Mkija mjini mnakuja na usiku wenu kikapuni. Piteni. Lakini akitaga humo ndani, yai ni la mlangoni."

Tukakaa kwenye benchi la pembeni. Taa zikazimwa. Bibi alimweka kuku mapajani, akainua mikono yake yote miwili juu, kama mtu anayeonyesha polisi kwamba hana kitu. Kuku alikaa wima. Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Nyumba ya sungura ikatokea, beseni likatoka, mvua ikaanza, na yule mbishi bado macho. Nilikuwa tayari kumwombea dua. Kisha akajikunja, akaingiza shingo ndani ya manyoya, kope zake zikapanda kutoka chini kama zinavyopanda za kuku. Bibi akainama akampulizia usoni. Hakutikisika.

"Kalala," Bibi akanong'ona.

"Nilikwambia."

"Nyamaza, utamwamsha."

Ile ndiyo sehemu ya utoto wangu ambayo ningeweza kuinunua tena kwa bei ya muuzaji. Sungura wanne walifunga vitambaa vichwani wakaanza kuufuata mto kumtafuta mama yao. Waliwauliza vyura, wakamuuliza kobe, wakalala ndani ya kiatu kilichotupwa. Na Bibi, ambaye sasa alikuwa ndani ya usiku halali, aliisikiliza hadithi kama hadithi inavyosikilizwa kwao, yaani kwa kuitikia. Kila kitu kilichotendeka alikiitikia. "Ehee!" "Enhe, kisha?" "Masikini!" Yule mnyama mwekundu alipowanyemelea, Bibi alisimama nusu.

"Fisi huyo! Nyuma yako, mjinga we!"

Watoto wakacheka ukumbi mzima. Mama mmoja wa Kihindi nyuma yetu akasema, "Mama, kelele basi! Watoto nataka sikia."

"Nisipoitikia," Bibi akamjibu kwa upole, "atasimuliaje?"

Sikuona aibu. Nilikuwa naona sungura. Usiku uliingia kwenye picha pia, usiku wa bluu wenye nyota, na wale wanne, wamechoka, yule mdogo amebebwa mgongoni, wakaiona nyumba ya shamba mlimani. Dirishani palikuwa na taa, na kwenye pazia la dirisha palikuwa na kivuli. Kivuli kilikuwa na masikio marefu. Kiligeuka. Kilikuwa kinakuja mlangoni. Kitasa kikaanza kuzunguka, na juu ya paa la nyumba ile ile, mtu aliyechora picha ile, ambaye sikumkosea kitu, akaweka jogoo.

Jogoo akajaza kifua, akawika. Anga ikawa nyekundu, kisha njano, kisha nyeupe kabisa, na ule mwanga wote ukamwagika juu ya mabenchi yetu. Mapajani mwa Bibi shingo ikatoka kwenye manyoya. Kuku akasimama, akajikung'uta, akaanza kutetea.

"Kumekucha," Bibi akasema, akamchukua kwapani.

"Bibi! Huyo ni jogoo wa picha!"

"Na sungura ni wa nini? Sungura umemwamini, jogoo humwamini kwa nini?"

"Bibi, mlango unafunguka!"

"Shahidi wako kaamka. Tulipatana."

Nilishika benchi. Bibi alinishika mimi. Alikuwa mwanamke aliyelima maisha yake yote, na benchi halikuwa limefungwa sakafuni, kwa hiyo tulitoka nalo hatua chache kabla sijaliachia. Nilijaribu kutazama nyuma, lakini tumbo la Mzee Mhina lilikuwa limejaa mlangoni.

"Mtani, mbona mapema?"

"Kumekucha," Bibi akamwambia, akatoka kwenye jua la saa kumi.

Tangu siku ile nimeshindwa mapatano machache, na kila ninaposhindwa najua ni kwa sababu gani: niliangalia nitakachopata, sikuangalia namna ya kukipoteza. Nilipatana kuhusu kulala. Kuhusu kuamka sikupatana. Hasira yangu haikuwa na pa kwenda, maana Bibi hakuvunja ahadi hata moja. Jioni sikumpa shikamoo, jambo ambalo kwetu ni karibu na kumpiga. Alinitazama tu, akasema mtoto huyu anahitaji kulala.

Jumapili mchana uchungu ukamshika Mama. Mkunga wa mtaani akaja, mlango ukafungwa. Jua likazama, na Jumatatu asubuhi mlango ulikuwa bado umefungwa. Baba alikaa uani kwenye kigoda cha maandazi, hakwenda kiwandani, na hilo pekee lilinitisha kuliko sauti zilizotoka ndani. Bibi akatoka. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Alikwenda kwenye mbuzi, akamfungua kamba. Akafungua mdomo wa gunia la mtama, akafungua kifurushi cha nguo zake, akafungua pindo la kaniki alimofunga ugoro, akauacha umwagike. Kisha akanivuta katikati ya magoti yake akaanza kufumua nywele zangu, msuko mmoja baada ya mwingine, bila kujali kwamba ananiumiza.

"Kilichofungwa humu nyumbani," akasema, "kinamfunga yeye. Fikiri. Nini kingine tumekifunga?"

Alikuwa anajisemea mwenyewe. Lakini aliuliza, nami nilikuwa mtoto wa kuulizwa swali nikajibu. Nilitazama uani kote, nikatazama tena. Kila fundo lilikuwa limefunguliwa. Ndipo nikasikia magurudumu ya mkokoteni barabarani. Mzee Mhina alikuwa anapita kuelekea stesheni, anasukuma masanduku ya picha, yamefungwa kamba ya katani kwa mafundo makubwa kama ngumi.

Nikajua pale pale. Mama sungura yupo humo. Yupo nyuma ya mlango, kitasa kimezunguka nusu, na hakuna aliyemfungulia. Sisi tulimwacha hivyo, mimi na Bibi na kuku. Naye amezungushwa ndani ya kopo, kopo limetiwa ndani ya sanduku, sanduku limepigwa kamba, na sasa anapelekwa Mwanza, na mama yangu hatajifungua milele. Msinicheke. Tangu siku ile nimewasikia watu wazima wakieleza kwa nini bei ya dhahabu inapanda, na maelezo yao hayakuzidi hayo.

Nilikimbia, nikamkuta Mzee Mhina amekwisha kufika kwenye kibanda cha mizigo, anajifuta jasho.

"Shikamoo, Baba Mhina."

"Marahaba. He, mtani mdogo! Nywele zimekuwaje? Umepigana na nani?"

"Fungua masanduku."

Alicheka. Nilimweleza. Nilieleza vibaya, beseni, Mama, kitasa, mkunga, yote kwa pamoja, na kadiri nilivyoendelea safari hii masharubu hayakucheza.

"Tangu jana?" akauliza.

"Tangu jana mchana."

"Hata kwetu hufungua mafundo," akasema polepole. Akatazama kama karani wa mizigo anaangalia. Halafu, kwa mazoea tu nadhani, akauliza, "Nikifungua utanipa nini?"

"Yule kuku."

"Kuku si wako."

"Ndiyo maana namtoa."

Akataka kucheka, akaona machozi, akaacha. Alisukuma mkokoteni nyuma ya kibanda, akapiga magoti. Alifungua kamba zote, si ya sanduku moja tu, zote, na mafundo yaliyokataa aliyafungua kwa meno. Ndani mlikuwa na makopo mapana ya bati, yana alama za chaki. Hakujua kusoma, lakini alama za fundi wa mashine alizijua. Akachukua la mwisho, akalibandua kifuniko. Harufu kali ikatoka, kama siki.

"Fundi alipaswa kuuzungusha utepe upya uanze mwanzoni," akasema. "Jumamosi alikuwa na haraka zake. Kwa hiyo hapa juu ndipo mwisho ulipo. Shika. Usiguse katikati, shika pembeni."

Akanivutia utepe, kiasi cha mkono wa mtu mzima. Niliuinua juani. Nilitafuta masikio. Nilitafuta mlango, aproni, chochote. Katika kila kijidirisha cha utepe ule palikuwa na weusi, na katikati ya weusi maneno mawili meupe ya Kizungu. Nikashuka kijidirisha kwa kijidirisha. Maneno yale yale. Nikarudi juu, nikashuka tena.

"Vuta kidogo, Baba Mhina."

Akavuta. Maneno yale yale.

"Vuta tena."

"Nikivuta tena, Mhindi atanivuta mimi. Umeuona mwisho?"

"Nimeuona."

"Basi umefunguka. Kimbia nyumbani."

Kengele ya stesheni ikalia. Alikuwa anazungusha utepe kurudi ndani, ulimi umemtoka kwa uangalifu. Sikukimbia.

"Alipatikana? Mama yao?"

"Mimi, mwanangu, husimama mlangoni nikitazama nje. Nasikia tu kwa mgongo. Mwisho wake huwa ni muziki, kisha watoto wanapiga makofi."

"Makofi ya nini? Ya furaha?"

Mzee Mhina alifikiri kwa haki kabisa, hakutaka kunidanganya. "Watoto wenu wale," akasema, "hata taa zikiwaka tu hupiga makofi."

Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa amesimama katikati ya uani, anacheka peke yake. Mama alikuwa amelala ubavu, rangi ya majivu, mzima, na pembeni yake kitu chekundu kilichokunjamana kikipiga kelele za mtu aliyedhulumiwa. Mdogo wangu wa kiume. Nilimgusa kisigino. Mama akaniuliza nywele zimekuwaje, na niliposikia sauti yake nikakaa chini.

"Lini?" nikamuuliza Bibi.

"Wewe ulipotoka tu hapa. Hujafika hata kwenye kona. Ulikuwa wapi? Maji hakuna."

Hujafika hata kwenye kona. Nikafanya hesabu, nikairudia. Masanduku yalikuwa bado yamefungwa. Mama alijifungua bila msaada wowote wa sungura. Nilifurahi, msinielewe vibaya. Lakini chini ya furaha kilikuwepo kitu kigumu kama kokwa. Tangu asubuhi nilikuwa na sababu kubwa kuliko zote ya kutaka kujua kilichokuwa nyuma ya ule mlango. Sasa sababu ilikuwa imelala ubavu, inanyweshwa uji. Nilibaki ninataka tu, bure, kama mtoto.

Bibi alikuwa uani akimfukuza mbuzi kwenye mtama.

"Bibi, yule mama sungura. Unafikiri walimpata?"

"Sungura gani?"

"Wa sinema. Wa juzi."

Alisimama na ile kamba mkononi. Alijaribu kukumbuka, nilimwona anajaribu, kwa ajili yangu. Kisha akatikisa kichwa.

"Ng'wanone, nina mjukuu wa kuoshwa ndani, wewe unaniletea sungura." Akanipa ndoo.

Garimoshi lilipiga honi nikiwa njiani kwenda bombani, likaondoka kuelekea Mwanza, kwa watoto ambao bibi zao sikuwajua. Bombani msururu ulikuwa mrefu. Nilisimama nyuma na ndoo yangu, nywele wima, nikaanza kulia. Wanawake waliokwisha kusikia habari za nyumbani kwetu wakageuka. "Mwacheni apite," mmoja akasema, "mtoto ana furaha, mama yake kapona." Wakanisogeza mbele mpaka kwenye bomba. Sikuwasahihisha. Nilitega ndoo.